Milimita na Dakika: Maajabu ya Reli Duniani

Kidatu, katika Bonde la Kilombero mkoani Morogoro, reli mbili zinakutana lakini haziungani. Moja ni ya TAZARA, inayotoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, umbali wa kilomita 1,860. Nyingine ni tawi la Reli ya Kati linaloshuka kutoka Kilosa. Kwa macho ya mpita njia zinafanana: vyuma viwili, mataruma, kokoto. Lakini tawi la Kilosa lina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma, na TAZARA ina milimita 1,067. Kwa sababu ya milimita hizo 67, behewa la huku haliwezi kwenda kule. Miaka ya 1990 ikabidi pajengwe kituo cha kuhamishia mizigo, ambako kontena hunyanyuliwa kutoka behewa moja na kushushwa juu ya jingine ndipo safari iendelee.

Mambo mengi ya kushangaza kuhusu reli yana asili ya namna hii. Treni ni chombo kikubwa, kizito na chenye kelele, na wengi huikumbuka kwa ukubwa wake. Lakini ukiuliza kwa nini haipotei njia, inasimamaje, kwa nini saa za London na Bristol zinafanana, au kwa nini shehena ya mahindi imekwama njiani, jibu mara nyingi liko kwenye kipimo kidogo ambacho mtu fulani alikiamua zamani na vizazi vilivyofuata vikalazimika kuishi nacho.

Kwa nini reli hazilingani

Upana unaotumika zaidi duniani leo ni milimita 1,435. Ulitokana na njia za magari ya makaa ya mawe yaliyokokotwa na farasi kaskazini mashariki mwa Uingereza. George Stephenson aliuzoea huko migodini, akautumia kwenye reli ya Stockton na Darlington iliyofunguliwa 27 Septemba 1825, kisha kwenye ile ya Liverpool na Manchester mwaka 1830. Simulizi maarufu kwamba kipimo hiki kilirithiwa moja kwa moja kutoka kwenye magari ya vita ya Warumi haina ushahidi wa kutosha.

Waingereza wenyewe hawakukubaliana juu yake. Mhandisi Isambard Kingdom Brunel aliijenga reli ya Great Western kwa upana wa zaidi ya mita mbili, akiamini kuwa treni pana ingekimbia zaidi na kutulia zaidi. Mjini Gloucester, mifumo hiyo miwili ilipokutana, abiria na mizigo yao walishushwa treni moja na kupandishwa nyingine. Bunge liliingilia kati mwaka 1846 na kuupa ushindi upana wa Stephenson, lakini reli pana ya mwisho ya Brunel haikuondolewa hadi Mei 1892.

Wamarekani wa kusini walilimaliza tatizo lao kwa siku mbili. Hadi mwaka 1886 reli za majimbo hayo zilikuwa pana kuliko za kaskazini kwa takriban milimita 76. Tarehe 31 Mei na 1 Juni mwaka huo, maelfu ya wafanyakazi waliingia njiani kwa wakati mmoja, wakang'oa misumari, wakasogeza chuma cha upande mmoja ndani kidogo na kukipigilia upya. Misumari mingi ilikuwa imeshapigiliwa mapema mahali papya ili kazi iende haraka. Zaidi ya kilomita 18,000 za reli zilibadilishwa.

Afrika Mashariki nayo ina historia yake. Waingereza walipoanza kujenga reli kutoka Mombasa mwaka 1896 walichagua upana wa mita moja, kwa kuwa vifaa na injini za kipimo hicho vilipatikana tayari India. Wajerumani nao walitumia mita moja kwenye Reli ya Kati. TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, ilibidi ifuate kipimo cha Zambia na nchi za kusini ili treni zake ziweze kuendelea mbele. Kisha zikaja reli za kisasa za milimita 1,435, zinazojulikana kama SGR: ya Kenya mwaka 2017 na ya Tanzania mwaka 2024. Tanzania sasa ina reli za vipimo vitatu, na kila kimoja kilichaguliwa kwa sababu iliyokuwa na mantiki wakati wake.

Mpakani mwa China na Mongolia, mjini Erenhot, tatizo hili hutatuliwa kwa namna inayowashangaza wasafiri. Mabehewa huingizwa kwenye karakana, yakanyanyuliwa juu kwa jeki abiria wakiwa ndani, magurudumu ya kipimo cha China yakaondolewa chini yake, na ya kipimo cha Mongolia, yaliyozidi upana kwa milimita 85, yakasukumwa mahali pake. Hispania ilitafuta njia nyingine: tangu mwisho wa miaka ya 1960, kampuni ya Talgo hutengeneza treni ambazo magurudumu yake hujisogeza yenyewe yanapopita polepole kwenye kifaa maalumu kilichotegwa relini.

Mahali gurudumu linapogusa chuma

Treni haina usukani. Magurudumu mawili ya kila ekseli yameshikwa imara na chuma kimoja, hivyo lazima yazunguke kwa kasi ileile. Gari la kawaida lingepata shida kwenye kona, kwa sababu gurudumu la nje husafiri umbali mrefu kuliko la ndani. Je, treni inapindaje?

Siri iko kwenye umbo la gurudumu. Ukilichunguza kwa karibu utaona kwamba uso wake haukunyooka. Umechongwa kwa mteremko mdogo, mnene upande wa ndani na mwembamba upande wa nje. Mteremko huo kwa kawaida ni kama moja kwa ishirini. Treni ikiingia kwenye kona, jozi ya magurudumu husogea kidogo kuelekea nje. Gurudumu la nje sasa hugusa reli kwenye sehemu yake nene, na la ndani kwenye sehemu nyembamba. Kwa hiyo kila mzunguko mmoja, la nje hupiga hatua ndefu kidogo kuliko mwenzake, na ekseli nzima inageuka yenyewe kufuata njia. Ule ukingo wa chuma ulio upande wa ndani wa gurudumu, ambao watu wengi hudhani ndio unaoiongoza treni, ni kinga tu. Ukisikia mlio mkali wa chuma kwenye kona kali, mara nyingi ujue magurudumu yanateleza au ukingo huo umeanza kusuguana na reli.

Jambo jingine la ajabu ni udogo wa mahali gurudumu na reli vinapogusana: eneo lisilozidi sarafu ndogo. Tani nyingi hukaa juu ya nukta hiyo. Kwa kuwa chuma juu ya chuma hakibonyei kama tairi la mpira juu ya lami, nguvu kidogo sana hupotea, na ndiyo sababu treni ya mizigo huweza kubeba tani moja kwa mafuta pungufu mara tatu hadi nne kuliko lori.

Lakini chuma juu ya chuma pia huteleza, na utelezi huo humsumbua dereva. Mvua ikinyesha, au majani yaliyooza yakitanda relini, magurudumu ya injini huzunguka bila kusogea. Dawa yake ni ya zamani na bado inatumika hata kwenye injini za kisasa kabisa: mchanga mkavu, unaohifadhiwa kwenye masanduku na kumwagwa kwa bomba dogo mbele ya gurudumu.

Joto, barafu na chuma kirefu

Waliosafiri kwa treni za zamani wanaujua ule mdundo wa ta-ta, ta-ta, ambao hauishi hadi mwisho wa safari. Ulitokana na nafasi ndogo zilizoachwa kati ya kipande kimoja cha reli na kingine ili chuma kipate pa kutanukia jua linapowaka. Kilomita moja ya chuma hurefuka kwa karibu milimita 12 kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka. Kati ya usiku wa baridi na mchana wa jua kali, tofauti ya nyuzi 30 ingeirefusha kilomita hiyo kwa zaidi ya sentimita 35.

Reli za kisasa hazina nafasi hizo. Vipande huchomelewa hadi kuwa chuma kimoja cha kilomita nyingi, ndiyo maana safari za SGR ni tulivu. Chuma bado kinataka kutanuka, ila kinazuiwa. Mataruma ya zege hukibana, na kokoto zenye kingo kali hung'ang'aniana na kuyashika mataruma. Wakati wa kukitandaza, mafundi hukivuta au kukipasha moto ili kitulie kwenye joto la wastani la eneo husika. Joto likizidi sana mipaka hiyo, reli inaweza kupinda kwa ghafla, kwa hiyo treni huamriwa kupunguza mwendo. Uingereza na Italia, baadhi ya sehemu za reli hupakwa rangi nyeupe. Hatua hiyo rahisi hushusha joto la chuma kwa nyuzi tano hadi kumi.

Wahandisi wa China walikabili tatizo la kinyume chake. Reli ya kutoka Golmud hadi Lhasa, kilomita 1,142, iliyofunguliwa 1 Julai 2006, hupita kwenye mlango wa milima wa Tanggula wenye kimo cha mita 5,072. Hapo ni juu kuliko kibanda cha Kibo, ambako wapandaji wa Mlima Kilimanjaro hupumzika kabla ya kuanza safari ya usiku kuelekea kileleni. Hewa ni haba, na abiria huwekewa oksijeni ndani ya mabehewa.

Ugumu mkubwa zaidi ulikuwa chini ya ardhi. Takriban kilomita 550 za njia hiyo zimepita juu ya udongo ulioganda barafu mwaka mzima. Tabaka hilo likiyeyuka, tuta la reli huzama. Kwa hiyo kando ya njia yamechomekwa mabomba ya chuma yenye amonia ndani yake. Majira ya baridi, hewa ya juu inapokuwa baridi kuliko udongo, amonia iliyo chini huchemka, hupanda ikiwa mvuke na kulichukua joto la ardhini, kisha hupoa juu na kutiririka tena chini. Bila injini wala umeme, mabomba hayo huiongezea ardhi ubaridi wa kuivusha majira ya joto.

Breki inayofunga yenyewe

Wepesi wa gurudumu la chuma una gharama yake: treni haisimami upesi. Treni ndefu ya mizigo iliyo kwenye mwendo kasi inaweza kuhitaji zaidi ya kilomita moja na nusu hadi isimame. Dereva anayeliona gari limekwama kwenye makutano ya reli na barabara mara nyingi hana tena namna ya kulinusuru.

Zamani wafanyakazi walikimbia juu ya mapaa ya mabehewa, wakizungusha magurudumu ya breki kwa mikono, moja baada ya jingine. Mwaka 1869 Mmarekani George Westinghouse, akiwa na umri wa miaka 22, alibuni breki ya hewa iliyoendeshwa kutoka kwenye injini. Ilikuwa na kasoro moja: bomba la hewa likikatika, breki zinapotea. Mwaka 1872 akaugeuza utaratibu wote. Katika mfumo mpya, shinikizo la hewa kwenye bomba ndilo linaloziacha breki zikiwa wazi. Shinikizo likipungua, iwe dereva amelipunguza au behewa limechomoka, kila behewa hufunga breki zake lenyewe kwa hewa iliyohifadhiwa kwenye tangi lake. Hitilafu yenyewe ndiyo inayoisimamisha treni. Wazo hilo bado linalinda treni nyingi za dunia.

Ilichukua msiba kuwalazimisha wengine walifuate. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na mji wa Armagh huko Ireland, treni iliyobeba watoto wa shule ya Jumapili ilishindwa kupanda mlima. Wafanyakazi wakaigawa, na mabehewa ya nyuma, ambayo hayakuwa na breki za kujifunga, yakaserereka kurudi chini na kugongana na treni iliyokuwa ikifuata. Takriban watu 80 walikufa. Mwaka huohuo Bunge la Uingereza liliamuru treni zote za abiria ziwe na breki zinazojifunga zenyewe.

Watanzania wanaujua uchungu wa mteremko. Tarehe 24 Juni 2002, eneo la Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria yenye watu zaidi ya 1,200 ilirudi nyuma kwenye mlima na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha. Ndiyo maana ule ukaguzi wa kabla ya safari, wa kuhakikisha kwamba breki zinafunga na kufunguka hadi behewa la mwisho kabisa, unastahili kila dakika inayotumika, hata abiria wakinung'unika kuwa wamecheleweshwa.

Reli ilivyopanga saa za dunia

Kabla ya reli, kila mji ulikuwa na saa yake. Adhuhuri ilikuwa pale jua lilipofika juu ya vichwa vya watu wa mji huo, na haikumdhuru mtu yeyote kwamba mji wa pili ulitofautiana kwa dakika chache. Bristol uko magharibi mwa London, hivyo saa zake zilikuwa nyuma kwa kama dakika kumi.

Treni haziwezi kuendeshwa hivyo. Dakika kumi za kutoelewana kwenye njia moja zinatosha kuzikutanisha treni mbili uso kwa uso. Mwaka 1840 reli ya Great Western iliamua kwamba stesheni zake zote zitafuata saa ya London. Wakazi wa Bristol hawakuiacha yao mara moja, na hadi leo saa kubwa kwenye jengo la soko la nafaka mjini humo ina mishale miwili ya dakika: mmoja wa Bristol, mwingine wa London. Sheria ya kuweka saa moja kwa nchi nzima ilikuja mwaka 1880, miaka 40 baada ya uamuzi huo wa Great Western.

Marekani kampuni za reli zilifuata takriban saa 50 tofauti. Zilikubaliana kuigawa nchi katika kanda, na tarehe 18 Novemba 1883 zikabadili saa zao kwa pamoja. Mjini New York saa zilirudishwa nyuma kwa karibu dakika nne, na wakazi wakapata adhuhuri mbili siku moja. Serikali haikuwa na mkono katika hatua hiyo. Bunge la Marekani liliziidhinisha kanda hizo mwaka 1918.

Urusi ilikwenda njia yake. Reli ya Siberia, kutoka Moscow hadi Vladivostok, ina urefu wa kilomita 9,289, safari ya karibu wiki nzima, na kati ya miji hiyo kuna tofauti ya saa saba. Kwa miongo mingi ratiba na tiketi zote zilifuata saa ya Moscow. Abiria wa Vladivostok ambaye tiketi yake ilionyesha alfajiri ya Moscow alipaswa kujua kuwa kwao itakuwa tayari mchana. Utaratibu huo ulibadilishwa 1 Agosti 2018.

Sekunde za Japani

Hakuna nchi iliyouheshimu muda wa reli kama Japani. Tarehe 1 Oktoba 1964, siku chache kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, ilizindua Shinkansen kati ya Tokyo na Osaka, kilomita 515, kwa mwendo wa hadi kilomita 210 kwa saa. Tangu siku hiyo hakuna abiria aliyewahi kufa kwa sababu ya treni hizo kugongana au kuacha njia, na kwa miaka mingi wastani wa kuchelewa kwake haukuzidi dakika moja.

Mafanikio hayo yamejengwa kwa mambo madogo. Stesheni ya Tokyo, kikosi cha usafi kina dakika saba tu za kufagia mabehewa, kufuta meza, kugeuza viti vitazame upande wa safari mpya na kuteremka. Dereva wa treni ya Kijapani hunyoosha kidole kuielekea taa ya ishara na kutamka kwa sauti rangi anayoiona, hata akiwa peke yake. Mgeni anaweza kushangaa, lakini majaribio ya taasisi ya utafiti wa reli nchini humo yalionyesha kuwa kuyashirikisha macho, mkono na sauti kwa pamoja hupunguza makosa kwa karibu asilimia 85.

Novemba 2017, kampuni inayoendesha njia ya Tsukuba Express iliomba radhi hadharani kwa sababu treni yake moja iliondoka sekunde 20 kabla ya wakati.

Hata umbo la treni hizo lina kisa chake. Shinkansen zilipoongeza mwendo, ziliisukuma hewa ndani ya mahandaki hadi ikatoka upande wa pili kwa mshindo uliowakera wakazi wa karibu. Mhandisi Eiji Nakatsu, ambaye pia alikuwa mpenzi wa ndege wa porini, alimkumbuka mdiria, ndege anayechupa majini kuvua samaki bila kurusha maji mengi. Pua ya treni ya mfululizo wa 500, iliyoanza kazi mwaka 1997, ilichongwa kwa kufuata mdomo wake mrefu. Mshindo ulipungua, na treni ikatumia umeme kidogo zaidi.

Kwa kuwa Japani ni nchi ya matetemeko, vipimaji vimetegwa pwani na kando ya njia. Tetemeko hutuma kwanza mawimbi mepesi yanayokwenda kasi, kisha mawimbi mazito yanayobomoa. Vipimaji vikihisi yale ya kwanza, umeme wa reli hukatwa na treni huanza kufunga breki. Tarehe 11 Machi 2011, tetemeko kubwa lilipopiga kaskazini mashariki mwa nchi, hakuna Shinkansen hata moja yenye abiria iliyoacha njia.

Treni ndefu kuliko zote

Rekodi ya treni nzito na ndefu kuliko zote iliwekwa Australia Magharibi 21 Juni 2001. Kampuni ya madini ya BHP iliunganisha mabehewa 682 na injini nane, urefu wa zaidi ya kilomita saba, zikiwa na uzito wa tani 99,734. Dereva alikuwa mmoja. Australia pia ndiyo yenye njia iliyonyooka kuliko zote duniani: kilomita 478 katika uwanda wa Nullarbor bila kona hata moja.

Uswisi iliweka rekodi ya treni ya abiria 29 Oktoba 2022, wakati reli za nchi hiyo zikitimiza miaka 175. Mabehewa 100, urefu wa mita 1,906, yaliteremka milima ya Alpi kwa kupita njia ya kona, madaraja na mahandaki. Madereva saba walilazimika kwenda sawa, na kwa kuwa redio hukatika ndani ya mahandaki, waliwasiliana kwa simu za waya.

Kwa upande mwingine kabisa wa orodha ipo Vatican, yenye stesheni moja na reli isiyofika hata nusu kilomita ndani ya mipaka yake.

Sultani, meli na simba

Wengi huamini kwamba reli Afrika Mashariki ilianzia Mombasa. Zanzibar ilitangulia. Sultani Barghash alijenga reli kutoka mjini hadi kasri lake la Chukwani mwaka 1879, ambapo mwanzoni mabehewa yalikokotwa na nyumbu, kabla ya kuagizwa injini ya mvuke kutoka Uingereza. Njia hiyo haikudumu baada ya kifo chake mwaka 1888. Mwaka 1905 ikaja nyingine, ya kutoka mjini hadi Bububu, iliyohudumia abiria hadi mwisho wa miaka ya 1920.

Mombasa kazi ilianza mwaka 1896. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka India, na takriban 2,500 kati yao walikufa kabla reli haijafika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Huko Tsavo, mwaka 1898, simba wawili madume waliwavamia kambini kwa miezi kadhaa hadi mhandisi John Henry Patterson alipowaua Desemba. Patterson alidai baadaye kuwa waliua watu 135. Watafiti waliochunguza mifupa na nywele zao mwaka 2009 walikadiria kama 35. Ngozi na mafuvu yao yako katika jumba la makumbusho la Field, Chicago. Leo reli ya SGR inapita Tsavo juu ya tuta refu, lenye vivuko chini yake ambavyo tembo huvitumia.

Nairobi penyewe palikuwa uwanda wenye majimaji hadi Mei 1899, vyuma vya reli vilipofika na wajenzi wakaamua kuweka kambi na karakana kabla ya kuanza kupanda kuelekea Bonde la Ufa.

Reli ya Kati nayo ilifika Kigoma mwaka 1914, na mmoja wa wateja wake wa kwanza alikuwa meli. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, kisha ikapanda treni. Kigoma iliunganishwa upya na kushushwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka uliofuata, baada ya kuzipaka injini zake grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na kuanzia mwaka 1927 ikaitwa Liemba, jina ambalo watu wa Ziwa Tanganyika wanalijua hadi leo.

Kuishi kando ya reli

Katika soko la Maeklong nchini Thailand, wachuuzi wametandaza samaki, pilipili na mboga hadi juu ya reli yenyewe. Honi ikilia mara kadhaa kwa siku, kila mmoja anavuta turubai lake, meza zenye magurudumu zinarudishwa nyuma hatua moja, na treni inapita polepole ikikaribia kuwagusa. Bidhaa zilizo chini ya kimo cha behewa hubaki palepale, treni ikapita juu yake. Mkia wake ukipita tu, maturubai yanafunguliwa tena na biashara inaendelea.

Mauritania, treni ya madini ya chuma imekuwa ikikata Jangwa la Sahara kwa kilomita 704 kutoka Zouérat hadi bandari ya Nouadhibou tangu mwaka 1963. Hufikia urefu wa kilomita mbili na nusu, na kwa miaka mingi watu wasio na nauli wamepanda juu ya shehena ya madini, wamejifunika vitambaa usoni kwa vumbi na baridi ya usiku, wakiwa na mbuzi na magunia yao. Kwa vijiji vya njiani, ndiyo iliyoleta pia maji.

Wapo ambao bado wanasubiri. Oman haijapata reli ya abiria, ingawa njia ya kuiunganisha Sohar na Abu Dhabi inajengwa. Rwanda na Burundi hazina kabisa. Januari 2025 Tanzania na Burundi zilitia saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Uvinza hadi Musongati, kusini mashariki mwa Burundi, ambako kuna akiba kubwa ya nikeli. Madini hayo yamejulikana kwa miongo kadhaa na kwa sehemu kubwa yamebaki ardhini, kwa sababu malori peke yake hayawezi kuyafikisha bandarini kwa bei inayolipa.